Ajali ya Ndege Angani na Kazi ya Kuwatafuta Waliopotea

Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wahitimu na wanafunzi, Mtowisa



Barua ya Katibu ilinitaka niseme kwa nusu saa juu ya "jambo lolote lenye manufaa kwa vijana". Mimi ni mtumishi wa serikali, na mtumishi wa serikali akiambiwa aseme jambo lolote, mara nyingi husema juu ya nidhamu na bidii ya kazi. Hayo mmekwisha kuyasikia tangu asubuhi kutoka kwa wenzangu walionitangulia, na wameyasema vizuri kuliko ambavyo ningeweza mimi. Basi niruhusuni niseme juu ya ndege.

Wa rika langu watakumbuka kwamba ndege ndogo ikipita juu ya bonde hili, sisi watoto tulitoka mbio darasani bila ruhusa, na wazee walituambia kuwa ni ndege ya nzige. Hawakukosea sana. Mbuga za Ziwa Rukwa ni moja ya mazalio makubwa ya nzige wekundu katika Afrika. Lile balaa lililoanza karibu na mwaka 1930, likala mashamba ya nusu ya bara hili kwa zaidi ya miaka kumi, asili yake ilikuwa mbuga zetu hizi pamoja na zile za Mweru wa Ntipa kule Zambia. Hata juzijuzi, mwaka 2009, ndege zilinyunyiza dawa hapa bondeni na Katavi na Malagarasi, kwa msaada wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Kwa hiyo ndege ndogo kwetu si kitu kigeni. Tulichokuwa hatufikirii ni kwamba ndani yake mna mtu, na kwamba mtu huyo anaweza kupotea.

Mimi nilikuja kulifikiria jambo hilo siku ya Jumanne, tarehe 5 Machi, 2024.

Asubuhi ya siku hiyo, kabla ya saa 4, ndege ya abiria aina ya Dash 8 ya shirika la Safarilink iliruka kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, ikielekea Diani kule pwani. Ilikuwa na watu 44, yaani abiria 39 na wafanyakazi 5. Muda mfupi baada ya kuruka, wafanyakazi wake walisikia mshindo mkubwa. Rubani akaamua kurudi Wilson ili ndege ikaguliwe, akatua salama, na abiria wote wakashuka kwa miguu yao wenyewe. Mshindo ule ulikuwa ni ndege nyingine: Cessna 172, ndege ndogo ya mafunzo, ndani yake mkiwa na watu wawili, mwalimu na mwanafunzi. Hiyo ilianguka katika Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, ambayo iko jirani kabisa na uwanja ule. Wote wawili walikufa.

Ndugu zangu, mtoto wa dada yangu alikuwa anasomea urubani pale pale Wilson mwaka huo.

Uwanja wa Wilson una vyuo vya urubani kadhaa, na anga yake ina msongamano kama stendi ya Sumbawanga siku ya mnada. Habari ya kwanza niliyoiona ilisema "ndege ya mafunzo" na "watu wawili", basi. Nilikuwa ofisini, nina jalada mbele yangu. Nikapiga simu ya kijana haikupokelewa. Nikapiga tena. Dada yangu akanipigia kutoka Laela akiniuliza kama nimesikia, nikamwambia uongo kwamba sijasikia kitu, ili nipate nafasi ya kujua kwanza. Kwa muda wa saa nzima na dakika kumi sikujua mtoto yuko wapi. Kisha akapiga mwenyewe. Alikuwa darasani, simu amezima kwa sababu ya mtihani. Akasema, "Shikamoo mjomba, naona umepiga mara kumi na nne." Sikumwitikia hata hiyo marahaba.

Katika saa ile, nilipokuwa nimeketi kwenye kiti changu nikingoja mtu aniambie neno, alinijia akilini mtu mmoja ambaye nilimsahau kwa miaka mingi, mtu aliyewahi kungoja mbele yangu kwenye benchi. Habari yake nitaieleza baadaye. Naionea haya, lakini nitaieleza.

Baada ya hapo nilitaka kujua: inawezekanaje ndege mbili zigongane mchana kweupe, katika anga yote ile? Nilimwuliza mpwa wangu. Yeye akanifundisha jambo ambalo naona linafaa wanafunzi wa fizikia walisikie, tena wanaweza kulijaribu leo jioni kwa baiskeli mbili.

Chukueni njia panda. Wewe unakuja na baiskeli kwa njia moja, mwenzako anakuja kwa njia nyingine, na kila mmoja anashika mwendo wake bila kubadili. Mtazame mwenzako. Ukiona anasogea mbele ya macho yako, yaani kwanza alikuwa usawa wa bega na sasa yuko usawa wa pua, atapita mbele yako. Akibaki nyuma, utapita wewe. Lakini ukiona yuko pale pale usawa wa bega, hasogei mbele wala nyuma, isipokuwa anakuwa mkubwa kidogo kidogo, basi huyo ndiye mtakayegongana naye. Sasa fikirini jicho la binadamu lilivyoumbwa. Jicho huvutwa na kitu kinachosogea. Mwindaji anajua hivyo, ndiyo maana hutulia. Kwa hiyo, katika anga yote, ndege ambayo ni rahisi kuiona ni ile isiyokuwa na madhara, na ile itakayokuua imetulia kwenye kioo kama alama ya inzi. Inabaki nukta kwa muda mrefu, kisha katika sekunde chache za mwisho inajaa kioo kizima.

Hesabu yake ni hii. Ndege mbili ndogo zikija uso kwa uso, kila moja kwa kilomita 200 kwa saa, zinakaribiana kwa mita 111 kila sekunde. Wataalamu wa usafiri wa anga wa Marekani wamekadiria kuwa tangu jicho lione kitu hadi ndege ianze kweli kugeuka zinapita sekunde 12 na nusu. Zidisheni wenyewe: ni karibu kilomita moja na nusu. Anayeiona ikiwa umbali wa kilomita moja amekwisha kuchelewa. Tena hapo sijataja kuwa Cessna 172 ina mabawa juu ya vioo, hivyo ikipinda, bawa linamziba rubani upande ule ule anaopindia; na kwamba ndege inayopanda huinua pua, ikamficha rubani kilicho mbele na chini yake. Sisemi kuwa ndivyo ilivyokuwa Nairobi. Hayo ni ya wachunguzi, na mimi kazi yangu ni ya mezani. Nasema tu kwamba usimhukumu mtu upesi kwa kusema "hakutazama".

Wamarekani walijifunza hayo kwa gharama kubwa. Tarehe 30 Juni, 1956, ndege mbili kubwa za abiria ziligongana juu ya bonde la Grand Canyon, wakafa watu wote 128. Wakati huo, mahali pale, kila rubani alitegemewa aangalie mwenyewe kwa macho. Miaka miwili baadaye ikatungwa sheria ya kuunda idara moja ya kusimamia anga yao yote. Siku hizi ndege kubwa zina mtambo unaopokea mawimbi ya redio ya ndege jirani na kumwonya rubani apande au ashuke. Ni mtambo mzuri, ila unamsikia tu yule anayetoa mawimbi.

Lakini katika habari ya Grand Canyon jambo lililonigusa ni dogo zaidi, nalo ndilo linalonileta kwenye sehemu ya pili ya mazungumzo yangu, yaani kutafuta. Mchana wa siku ile, rubani mmoja wa ndege ndogo ya kutembeza watalii aliona moshi bondeni. Akadhani radi imewasha majani, akaendelea na kazi yake. Jioni aliposikia redioni kuwa ndege mbili hazijulikani zilipo, akaukumbuka ule moshi, akarudi kutazama. Ndivyo mabaki yalivyopatikana. Serikali ya nchi tajiri kupita zote duniani ilikuwa inatafuta, na aliyejua pa kutafuta ni mtu aliyekuwa akipita katika shughuli zake.

Ile ajali ya Nairobi haikuhitaji msako mrefu. Ndege ilianguka karibu na uwanja, askari wa hifadhi na polisi wakafika. Lakini ndege ndogo nyingi haziangukii mlangoni. Jumanne nyingine, tarehe 5 Juni, 2018, ndege ya abiria aina ya Cessna Caravan iliruka kutoka Kitale kwenda Nairobi ikiwa na abiria 8 na marubani 2. Jioni ikapotea. Safari yenyewe si ndefu, na nchi ile ina watu wengi, ina barabara, ina helikopta. Hata hivyo ukungu na mvua vilizuia watafutaji, na ndugu wakangoja Jumanne usiku, wakangoja Jumatano mchana na usiku, hadi Alhamisi asubuhi mabaki yalipoonekana juu katika milima ya Aberdare. Hakuna aliyepona. Nawaombeni mfikirie zile saa za kungoja. Mimi nilingoja saa moja na dakika kumi, tena nikapewa jibu zuri.

Msako unaanza wapi? Watu wengi wanadhani unaanza na helikopta. Sivyo. Unaanza na kalamu. Unauliza: alionekana wapi mara ya mwisho, saa ngapi, na alikuwa akielekea wapi? Hapo unaweka nukta kwenye ramani, na kuizunguka nukta hiyo unachora duara. Ukubwa wa duara ni kipimo cha ujinga wako. Ndege iendayo kilomita 250 kwa saa, ikiwa hujui dakika 10 za mwisho ilikwenda upande gani, inaweza kuwa popote katika umbali wa kilomita 40 na zaidi kutoka kwenye nukta yako. Eneo la duara hilo ni zaidi ya kilomita za mraba 5,000. Wanafunzi, hilo ni kama Ziwa Rukwa lote likiwa limejaa! Sasa tuseme amepatikana mtu mmoja, mchunga ng'ombe, aliyeisikia ndege na kukumbuka saa, ukapunguza dakika 10 ziwe 5. Duara halipungui nusu. Linabaki robo. Mwalimu wa hesabu pale ananitazama kwa furaha. Nadhani ni yeye yule aliyekuwa akinitazama kwa huzuni mwaka wangu wa Kidato cha Nne.

Ni kweli kuna vyombo. Ndege hubeba kisanduku cha redio kinachojiwasha chenyewe kikipata kishindo, kikapiga mbiu kwa masafa ya megahezi 406, na setilaiti zikaisikia. Utaratibu huo uliasisiwa na Marekani, Kanada, Ufaransa na Urusi ya Kisovieti, wakati ambapo Marekani na Urusi walikuwa wakielekezeana makombora. Lakini kwa mtu aliyepotea walikubaliana. Mwaka 1982 ndipo ulipookoa watu kwa mara ya kwanza, watatu walioanguka na ndege ndogo huko Kanada, na tangu hapo umeokoa maelfu. Hata hivyo kisanduku huweza kuvunjika, waya wake wa juu huweza kukatika, na kikizama majini hakisikiki. Hapo unabaki na mchunga ng'ombe.

Au na mvuvi. Sote tunakumbuka Bukoba, tarehe 6 Novemba, 2022, ndege ya Precision Air iliposhuka Ziwa Victoria karibu kabisa na uwanja, ina watu 43. Waliofika kwanza ni wavuvi na mitumbwi yao. Watu 24 waliokolewa, 19 wakafa. Taifa zima lilijiuliza baadaye juu ya boti na vifaa, na ni haki kujiuliza. Lakini dakika zile za kwanza zilikuwa za wavuvi.

Sasa nafika kwa yule mtu wa benchi.

Nilikuwa kijana, nina miaka miwili kazini, katika wilaya moja yenye ziwa. Siku ya Jumanne, mchana wa saa 6, alikuja mtu mmoja ofisini, baiskeli ameiegemeza kwenye mwembe, suruali imejaa vumbi hadi magotini. Akasema shemeji zake wawili na kijana wa miaka kumi na minne walikwenda kuvua tangu jana jioni, upepo ulivuma usiku, nao hawajarudi. Anaomba serikali itoe boti. Nikamwuliza: una barua ya Mtendaji wa Kijiji? Hakuwa nayo. Nikamweleza, kwa upole kabisa, na upole ule ndio unaonichoma, kwamba siwezi kumpelekea mkubwa wangu maombi ya mafuta ya boti pasipo maandishi. Akakaa kwenye benchi. Nadhani alidhani nitabadili shauri. Alikaa mpaka saa 8, mimi nikiingia na kutoka, kila nikipita anasimama. Halafu akachukua baiskeli yake akaenda.

Alirudi Jumatano asubuhi na barua, ina mhuri, imekamilika. Boti ikatoka. Kabla jua halijazama wakauona mtumbwi umepinduka, na watu wawili wameung'ang'ania, wako hai. Walikuwa wameshikilia watatu. Kijana aliachia usiku wa kuamkia Jumatano.

Hakuna aliyenilaumu. Yule mtu mwenyewe alikuja kunishukuru, akaniletea samaki. Ripoti niliiandika mimi. Chanzo: hali mbaya ya hewa, na hiyo ni kweli. Taarifa ilipokelewa lini? Niliandika Jumatano, saa 3 asubuhi, maana ndiyo tarehe ya barua na mhuri. Mkubwa wangu aliisoma, akanisifu kwa kuchukua hatua siku ile ile. Jumanne haimo katika jalada lile mpaka leo. Hamna benchi, hamna baiskeli. Mtu akilifungua jalada lile leo ataona ofisi iliyofanya kazi yake vizuri.

Ndugu Mwenyekiti, sikuja hapa kutubu; ningekwenda kwa padre. Naieleza habari hii kwa kuwa miongoni mwa vijana hawa wamo watakaokalia viti kama changu, na pia wapo, tena wengi, ambao baba zao, kaka zao na shemeji zao jioni hii hii wataingia Ziwa Rukwa. Wengine watakuwa wanaona vitu: moshi mahali pasipo shamba, ndege iliyonguruma chini mno usawa wa Lyamba lya Mfipa halafu ikanyamaza, mtumbwi uliokwenda na haukurudi. Watajiona wadogo mno kwenda kusema, na wakienda, watakutana na mtu kama mimi.

Nimeleta madaftari 12 makubwa, ya mistari, nimeyakabidhi kwa Mkuu wa Shule asubuhi. Si zawadi ya maana. Fundi aliyeyajalidi yuko Sumbawanga, na niliyashusha nayo kwa gari la kupitia Ntendo na Muze, ndiyo maana mengine yana vumbi. Nimeomba yagawiwe kwa wanafunzi wanaotoka kwenye mialo, wayapeleke kwa viongozi wa wavuvi. Nimekwisha kuyachora safu. Ya kwanza ni mtumbwi wa nani, kisha una watu wangapi, unaelekea wapi, umeondoka saa ngapi, unategemewa saa ngapi. Mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza anaweza kuyajaza kwa dakika mbili, tena kwa mwandiko unaosomeka kuliko wangu. Mtumbwi usiporudi, mtu ataweza kuweka nukta kwenye ramani pasipo kubahatisha.

Safu ya mwisho upande wa kulia ni ya jina la mtu aliyekuja kutoa taarifa kwamba kuna waliopotea, na saa aliyofika. Nimeandika juu yake kwa wino mwekundu: saa aliyofika yeye, si saa ya barua.

Nimemaliza, Ndugu Mwenyekiti. Kama kuna maswali, ninayo nafasi ya kuyajibu mpaka chakula kitakapoiva.